Nampeleka mama kuona magofu ya Wamaya, nina siku moja tu. Naombeni ushauri

Binti Chumbageni:
Habari zenu wakuu. Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Dallas kutoka Tanga, na mwezi wa pili tunakwenda Cancún, Mexico, siku nne. Mama amefundisha historia sekondari mpaka alipostaafu. Kila mwaka alikuwa akiwapeleka wanafunzi Tongoni kuona ule msikiti na makaburi ya nguzo, na darasani kwake ilibandikwa picha ya piramidi ya Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, watu wa asili wa Mexico na Guatemala, aliyoikata kwenye kalenda. Tangu nimwambie tunakwenda upande huo, hapiti siku hajaitaja.

Nataka siku moja iwe yake. Nimeona ziara za basi zinazochukua watu hotelini: Chichén Itzá, kuogelea kwenye cenote (yale mashimo makubwa ya maji yaliyochimbika kwenye mwamba), chakula cha mchana, mnarudi usiku. Mambo matatu yananitatiza. Mama ana miaka 71 na goti la kulia linamsumbua, akitembea nusu saa lazima akae. Hali nguruwe, na nasikia huko nguruwe yuko kila sahani. Na kubwa zaidi, hataki kukimbizwa. Anataka mtu wa kumweleza na kumjibu maswali, na maswali ya mama yangu ni mengi. Pasipoti yake ni ya Tanzania, ana viza ya matembezi ya Marekani. Aliyewahi kwenda anisaidie.

Baharia wa Houston:
Dada, kwenye viza usiumize kichwa. Mwenye viza hai ya Marekani anaingia Mexico kutalii bila viza yao. Hakikisha tu ya mama inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana mnarudi tena Dallas. Tembea na tiketi ya kurudi iliyochapishwa na karatasi ya hoteli, pale uwanjani wanaweza kuziulizia.

Mama Nuru:
Mdogo wangu, basi kubwa usimpandishe mama. Nazungumza kwa uchungu kwa sababu nilimpeleka mama mkwe wangu hivyo hivyo. Tulichukuliwa saa moja asubuhi, tukazungushwa hoteli moja hadi nyingine karibu saa mbili nzima tukikusanya watu. Halafu tukashushwa kwenye duka la vinyago na fedha, tukaambiwa ndiyo mapumziko ya choo. Magofuni tumefika saa sita, jua limesimama utosini. Mwongozaji akazungumza dakika arobaini kwa watu hamsini, mama mkwe yuko nyuma hasikii kitu, kisha tukaambiwa tuna dakika arobaini na tano za kupiga picha. Yule mama alikaa chini ya mti mpaka tukaondoka. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Mzee wa Mvita:
Mama Nuru kasema kweli, lakini kosa ni la basi, si la Chichén Itzá. Mwanangu, fanya hivi. Lala Valladolid usiku mmoja, mji mdogo mzuri, kutoka hapo hadi magofuni ni kilomita 45 hivi. Lango linafunguliwa saa mbili asubuhi. Ukiwa pale saa mbili kasoro, unapata saa mbili nzima kabla mabasi ya Cancún hayajamwaga watu. Jumapili usiende, siku hiyo raia wa Mexico wanaingia bure na kunajaa sana. Na ujue Cancún iko saa moja mbele ya Yucatán, jimbo yaliko hayo magofu. Asubuhi unaipata hiyo saa, jioni unairudisha.

Mwongozaji mchukue pale langoni, mwenye kitambulisho cha serikali, mkubaliane bei na muda kabla hamjapiga hatua. Malipo ya kuingia ni mafungu mawili, la taifa na la jimbo, kwa hiyo usishangae kulipishwa mara mbili. Beba peso taslimu.

Piramidi yenyewe haipandwi tena, imezungushiwa kamba, kwa hiyo goti la mama halitamnyima kitu ambacho wengine wanakipata. Ina ngazi 91 kila upande, pande nne, ukiongeza kidato cha juu ni 365, siku za mwaka. Mwambie mama asimame mbele ya ngazi apige kofi moja. Sauti inamrudia imevunjika kama mlio wa ndege, na wenyeji wanasema ni quetzal, ndege wao mtukufu. Mimi nilipiga kofi mara kumi. Na ndani ya piramidi hiyo kuna piramidi nyingine ya zamani zaidi, na ndani ya hiyo ipo ya tatu. Kila kizazi kilijenga juu ya kazi ya waliotangulia.

Kisu Kikali:
Mimi swali langu hao Wamaya si walishatoweka? Sasa nani anamweleza mama historia?

Mzee wa Mvita:
Hawakutoweka, kijana. Miji mingi ya kusini, kama Tikal kule Guatemala, iliachwa kati ya miaka ya 800 na 900, na wanaotafiti wanataja ukame, vita na mambo mengine. Lakini watu wapo. Pale Mexico peke yake wanaozungumza Kimaya cha Yucatán ni zaidi ya laki saba. Hata jina Chichén Itzá ni lugha yao: kinywani mwa kisima cha Waitza, kundi mojawapo la Wamaya.

Umm Salma:
Kuhusu chakula, dada, kuwa makini kweli kweli. Cochinita pibil na poc chuc zote ni nguruwe. Hizo utaziona. Mtego uko kwenye maharage ya kusaga na tamales (unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani), vinapikwa kwa mafuta ya nguruwe na huwezi kujua kwa macho. Jifunze maneno mawili: «sin puerco, sin manteca», yaani bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe. Mimi nilikula samaki wa kuchoma, na papadzules, yaani chapati za mahindi zenye mayai ndani na mchuzi wa mbegu za maboga. Kuchinjwa kwa kuku sikuwa na uhakika nako, nikaacha.

Kijana wa Ujiji:
Samahani wakubwa, nina wazo tofauti. Kwa mama mwenye goti, kwa nini si Cobá? Ni kama saa mbili kwa gari kutoka Cancún, jimbo lile lile, saa haibadiliki. Magofu yametawanyika msituni kati ya maziwa mawili, njia zina kivuli cha miti. Na kuna vijana wenye baiskeli za matairi matatu, abiria mnakaa mbele, yeye anakanyaga nyuma. Mama anapelekwa mpaka chini ya Nohoch Mul, piramidi ya mita 42, ndefu kuliko ile ya Chichén Itzá.

Jambo la kumvutia mwalimu wa historia ni barabara. Wamaya waliziita sacbé, njia nyeupe. Waliinua tuta la mawe wakalifunika kwa chokaa. Moja inatoka Cobá hadi Yaxuná, kilomita 100 hivi, na hawakuwa na magari ya magurudumu wala mnyama wa kubeba mizigo.

Mama Nuru:
Hili la baiskeli ningelijua mimi wakati ule! Lakini Binti, picha ya darasani ilikuwa ya Chichén Itzá. Muulize mama mwenyewe.

Binti Chumbageni:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mama uzi wote. Alipofika kwenye njia ya chokaa akaninyamazisha, akaniambia nirudie. Kisha akasema: «Hiyo picha nimeitazama miaka ishirini. Nipeleke kwenye barabara.» Tunakwenda Cobá. Nitaleta mrejesho.

Binti Chumbageni (MREJESHO):
Wakuu, tumerudi. Tulikodi gari na dereva, tukafika Cobá mapema, tukamchukua mwongozaji pale langoni, mtu mzima, Mmaya wa kijiji cha karibu anayejua Kiingereza. Tulikuwa watatu tu. Nilimweleza habari za goti, akawa anachagua kivuli kwanza ndipo anaanza kueleza. Kwenye uwanja wa mpira alimwonyesha mama fuvu lililochongwa kwenye jiwe katikati ya sakafu, akamweleza walivyocheza kwa nyonga bila kugusa mpira kwa mkono. Mama alimweka hapo nusu saa kwa maswali, na yule baba hakuangalia saa.

Kwenye njia nyeupe mama alishuka kwenye baiskeli. Aliinama kadiri goti lilivyomruhusu, akaitazama ile kingo ya mawe, akauliza chokaa waliipataje. Yule baba akasema walipanga kuni, wakaweka mawe ya chokaa juu, wakachoma. Mama akaniangalia: «Kama tanuri letu la matumbawe.» Nikamtafsiria. Yule baba akasema chokaa hiyo hiyo ndiyo mkewe analowekea mahindi mpaka leo kabla ya kusaga, na kwamba wazee wao husimulia binadamu aliumbwa kwa mahindi. Mama akamwambia sisi ugali wetu ni wa mahindi, na mbegu ilitoka kwao. Akauliza wanayaitaje. *Ixi'im*. Mama akalirudia mara tatu, akalitia kwenye daftari, kisha akamwandikia yule baba «mahindi» kwenye ukurasa mwingine, akauchana akampa.

Umm Salma, maharage yalikuwa na mafuta ya nguruwe kweli, tuliuliza wakakiri. Mama alikula samaki. Kijana wa Ujiji, mama anakusalimu sana, anauliza wewe ni mtoto wa nani. Picha naweka kesho nikitoka kazini.