Juisi ya lita 20 ya arobaini ya mtoto, friji ndogo na umeme haueleweki, nisaidieni mawazo

Bint Segerea
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tuna arobaini ya mtoto mchanga wa wifi yangu hapa Segerea, wageni kama 40 na watoto juu, pilau mama mkwe kashasema ni lake mtu asiguse sufuria, mimi nimeangushiwa vinywaji na vitafunwa. Soda nimepiga hesabu nimeona kreti zitanimaliza, bora nitengeneze juisi mwenyewe ya kujaza ndoo ya lita 20. Shida friji yetu ni ile ndogo ya mlango mmoja na umeme wa huku mnaujua wenyewe, unaweza kukata ijumaa usiku ukarudi watu washakula washaondoka. Sasa juisi gani naweza kuiandaa ijumaa ikalala bila kuchacha? Na hii ya tangawizi mbona za mtaani zinakuwa na unga unga chini ya kikombe, unatokana na nini? Alafu mwenye wazo la kitafunwa cha bei ndogo anipe, maandazi kila shughuli jamani.

Shangazi wa Temeke
Mwanangu achana kabisa na embe, tikiti na parachichi, hizo unasaga na kunywa hapo hapo. Ya kulala ni ya kuchemsha, na penye pilau hakuna kinywaji kinachokaa kama ukwaju. Kwa lita 10 chukua ukwaju kilo moja, nunua soko la Buguruni au Stereo ule wa kupimiwa, uloweke maji ya moto kama nusu saa alafu ukamue kwa mkono mpaka kokwe zinateleza vidoleni zimebaki tupu, chuja, rudisha jikoni na sukari kilo moja na hiliki za kutwanga, ichemke kweli kweli sio kupata moto tu. Tena usiilaze kwenye sufuria ya alumini, ule uchachu unakula sufuria na juisi inashika ladha ya bati. Ikipoa mimina kwenye ndoo safi yenye mfuniko. Na kabla ya kutia sukari toa jagi moja weka pembeni, kwenye shughuli hakukosi bibi mwenye kisukari anayeona aibu kuomba maji.

kaka_mabibo
Shangazi umemaliza kwenye ukwaju ila ndoo nzima ya ukwaju watoto watakunja sura, gawa nusu kwa nusu. Lita 10 zilizobaki piga nanasi na tangawizi, na hapa ndo pa kuokoa hela maana maganda ya nanasi watu wanatupa wakati harufu yote iko huko. Osha nanasi kwa brashi kabla ya kumenya, maganda pamoja na ule moyo wa katikati chemsha na mdalasini na karafuu chache kama nusu saa, chuja, nyama yake katia watoto wale. Mananasi yakiwa ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, hata sukari hutumii nyingi.

Huo unga wa tangawizi ni wanga wa tangawizi yenyewe, hamna aliyeweka kitu. Saga na maji, chuja kwa kitambaa, acha itulie kwenye jagi kama saa moja bila kutikisa, utaona utando mweupe umeganda chini, mimina ya juu taratibu na huo utando mwaga. Ukiichemsha na wanga wake inakuwa nzito kama uji, ndo mana wengine wanalalamika juisi yao inavutika.

Mngoni_wa_Mbezi
Mnazunguka sana, fanyeni togwa. Kwetu Songea shughuli bila togwa watu wanauliza kulikoni, na lenyewe halihitaji friji maana kuchachuka ndo kazi yake. Pika uji wa mahindi mzito kabisa ijumaa jioni, epua, subiri upoe uwe vuguvugu wa kuvumilika kidole, kisha tia unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa, na ukoroge. Hapo ndo patamu, mwiko unaanza kwa kukupa kazi alafu kadri unavyokoroga unasikia uji unalegea wenyewe mpaka unamiminika, na ukionja una utamu wakati sukari hujatia hata punje, kimea kinaugeuza wanga kuwa sukari. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto sana kinakufa nguvu na uji unabaki mzito vile vile. Jumamosi mchana litakuwa na uchachu kwa mbali, ila jumapili liangalieni linavyozidi kukolea 😂

Bint Segerea
Asanteni sana jamani. Togwa mama mkwe ni mtu wa Tanga sijui kama atanielewa ila nitajaribu kidogo la kuonja. Hilo nanasi je, naweza kutia maziwa iwe kama sheki ya watoto? Na barafu naweza kuagiza Feri?

kaka_mabibo
Barafu ya Feri ni ya samaki dada, usithubutu. Chukua chupa za maji za nusu lita, jaza juisi yenyewe usifike juu maana ikiganda inatanuka, mpe jirani mwenye friza ijumaa, jumamosi pasua chupa tumbukiza ndani ya ndoo. Inapoza na juisi haiwi majimaji kama ukiweka barafu za maji. Maziwa na nanasi bichi vinagombana, vikikaa kidogo tu inakuwa chungu. Nanasi likichemka kwanza na kupoa uchungu haupo ila yanaweza kukatika kwa ule uchachu, kwa hiyo watoto wape ndizi na maziwa, usage muda ule ule.

Shangazi wa Temeke
Kitafunwa piga vitumbua, na kiporo cha wali kisikutishe. Loweka mchele usiku, asubuhi saga na tui, hiliki, hamira na kikombe kimoja cha wali uliolala, vinatoka laini ndani na havikauki mpaka jioni, sukari tia wakati wa kusaga. Kama wali wenu uliungwa chumvi na mafuta mengi basi acha. Na machicha ya nazi usimwage, kaanga na sukari mpaka ibadilike rangi umwage kwenye sinia ukate kashata. Hazina mafuta kama za nazi nzima ila watoto hawachagui.

Bint Segerea
Shangazi hilo la machicha sikuwahi kuliwaza kabisa. @Mngoni kimea hapa Dar nakipata wapi?

Mngoni_wa_Mbezi
Ulizia kwa wauza nafaka sokoni, sema kimea cha ulezi kilichosagwa, na ukinuse kabla ya kulipa, kikiwa na harufu ya ukungu rudisha. Kwa lita 5 za uji vikombe viwili vinatosha.