Baba kaanguka mkarafuuni, kapona, lakini si yule tena. Tumpeleke kwa daktari gani?

mwana_wa_wete
Asalaam aleykum jamani. Mzee wangu ana miaka 61, msimu uliopita kaanguka mkarafuuni akazimia kama robo saa hivi, hospitali wakamshona kichwa akalala siku mbili wakamruhusu, karudi anatembea anakula sie tukasema alhamdulillahi yamekwisha. Ilipopita miezi miwili mitatu yakaanza mambo. Mtu alokuwa mpole mpaka watu wanamdhulumu pishi zake za karafuu anasamehe, leo anamtukana mama mbele ya wakwe, matusi ya nguoni, akimaliza anacheka. Pesa za karafuu kampa mtu hata hatumjui. Ukimuuliza anasema yeye hana kitu, sie ndo tulobadilika. Juzi yuko kwenye majamvi anatwambia karafuu za safari hii hazina harufu, tukacheka tu, maana nyumba nzima ilikuwa inanukia. Wengine wanasema pepo, wengine uzee umemwingia mapema. Nasikia kuna madaktari wanaotibu ubongo na akili kwa pamoja, hao wanafanya nini hasa?

abuu_micheweni
Msomeeni kwanza yakhe, miti ile ina wenyewe.

mwana_wa_wete
Keshasomewa ami, na kombe kanywa. Siku ile anatulia, kesho yake yale yale.

nesi_mstaafu_ngambo
Mwanangu, mie kilichonishtua si matusi, ni hiyo harufu. Mshipa wa fahamu wa kunusa umelala chini ya ubongo wa mbele, nyuzi zake nyembamba zinashuka puani kupitia mfupa wenye vitundu kama chekeche. Kichwa kikipiga chini ubongo unateleza mle ndani na zile nyuzi zinakatika. Na hapo hapo juu yake ndo kwenye ubongo wa haya, subira, kulipima neno kabla ya kulitoa. Sasa mtu kaanguka, kapoteza harufu na haya kwa pamoja, daktari wa fani hiyo hahitaji kuambiwa mara mbili pa kutazama.

Nimefanya kazi na mmoja wao huko bara. Siku ya kwanza hakimbilii dawa. Anakaa na mke pembeni, kwa sababu mgonjwa wa namna hii hajijui kama kabadilika, si ubishi, ile sehemu ya kujiona ndo iloumia. Halafu anamuuliza mzee kitu cha mwisho anachokumbuka kabla ya kuanguka ni kipi na cha kwanza baada yake ni kipi, pengo la hapo katikati linamwambia ubongo umeumia kiasi gani kuliko kile kidonda kilichoshonwa. Anamfumba macho anamnusisha kahawa, sabuni, na karafuu vilevile. Picha ya kichwa ya CT ataagiza, lakini CT inaweza kutoka safi na mtu kaumia kweli, picha ya MRI inaona zaidi.

Mkifika semeni KAANGUKA, msianze na matusi. Ukianza na matusi mtu wa zamu anaweza kumpiga haloperidol atulie, na ubongo ulojeruhiwa hauzistahimili sana dawa hizo, unamkuta kaganda kama gogo. Na msiogope jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, kwenda pale si kuitwa kichaa.

Si pepo wala si tabia. Phineas Gage, fundi wa reli Marekani, 1848 chuma kilimuingia shavuni kikatokea utosini, akatembea, akaongea, na wenziwe wakasema huyu si Gage tena. Kaishi mpaka 1860.

bint_jambiani
Pole sana. CT msiiache wallahi. Bibi yangu kajigonga kwenye mlango wa choo, hata damu haikutoka, baada ya mwezi hivi akaanza kusahau na kuburura mguu, hospitali ya kwanza wakatwambia uzee, tukarudi nae nyumbani. Kumbe damu ilikuwa inachuruzika kidogo kidogo baina ya fuvu na ubongo. Wakamtoboa kitundu ikatoka na bibi akarudi kuulizia kuku wake. Pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna jengo la upasuaji wa ubongo, NED, la tangu 2014. Mzee anakunywa dawa za kuzuia damu isigande?

mwana_wa_wete
Hapana, za presha tu. Lakini skuli hajaenda kabisa, nasikia wanapima akili kwa hesabu na kuchora saa, si ataambiwa hana akili bure?

kijana_wa_maabara
Hilo wameshalifikiria kaka. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipokuwa wanatafuta wazee wenye dimenshia, ugonjwa wa akili kupungua uzeeni, waliona vipimo vya Ulaya vinawaonea wasiosoma, wakatengeneza chao, kinaitwa IDEA. Unapanga njiti za kiberiti ufuate umbo, unataja wanyama kwa dakika moja, unakumbuka maneno ulosomewa. Hakuna kalamu.

Na kuhusu uzee, kuumia kichwa kunaongeza hatari ya dimenshia huko mbele, ripoti ya 2024 ya Lancet, jarida la udaktari, imekutaja pamoja na presha, sukari na uziwi kati ya mambo 14. Kwa hiyo presha yake muishike sana. Lakini dimenshia inajia polepole, mara nyingi huwezi kusema imeanza siku gani. Nyie mnajua mpaka mti.

mwana_wa_wete
Mpaka mti, kweli. Nimemwambia mama akalia, anasema miezi yote hii alikuwa anaona mumewe kamchoka. Boti ya Jumamosi inshaallah. Anauliza msimu ukifunguka mzee apande? Maana keshaanza kutengeneza kamba zake.

nesi_mstaafu_ngambo
Hata mpapai asipande. Mfiche kamba hizo, na pesa akae nazo mama.