Tupeane uzoefu: mfungo wa Kwaresima ulikufunulia nini?

Wapendwa, swali la "mwaka huu unaacha nini?" tunaulizana kila Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, na wiki ya pili ikifika wengi tumeshalisahau. Naomba leo tuelezane kile ambacho njaa yenyewe ilikuonyesha. Nabii Yoeli alisema "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu", nami naamini mfungo huanza kufanya kazi hapo unapofika ndani.

Naanza mimi. Mfungo ulinionyesha kwamba chakula kilikuwa kinanifichia msiba. Kila nilipomkumbuka marehemu baba, mkono ulikwenda wenyewe kutafuta kitu cha kutafuna. Siku niliyofunga mkono ulikwenda vilevile, ukakosa, na huzuni ikabaki palepale imenikodolea macho. Nililia sana. Nikafungua Zaburi ya 130, "toka vilindini", na kwa mara ya kwanza nikaisali kama maneno yangu mwenyewe.

Karibuni, ndugu zangu.

Mama Pacha: Asante kwa mada. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikajiona nimeachwa nje ya Kwaresima nzima. Sheria ya Kanisa Katoliki inawabana kufunga wenye miaka 18 hadi 59, na kujinyima nyama kuanzia miaka 14, lakini anayenyonyesha hashurutishwi. Kwenye kitubio padre akaniambia mlo niuache kama ulivyo, nifunge ulimi. Nikaamua nisimseme wifi yangu. Jamani, ni heri njaa! Njaa ina saa zake, lakini huyu wifi nilikuwa naye mdomoni asubuhi, mchana na usiku. Mume wangu akitaja tu habari za kwao, sentensi inaanza kunitoka, naikata katikati, naye ananitazama akingoja iishe. Hapo ndipo nilipojua uchungu ule nilikuwa naulea mwenyewe kila siku. Kabla ya Jumapili ya Matawi nikampigia simu. Hatujawa marafiki, ila tunasalimiana kwa moyo.

Zamu ya Usiku: Niongeze jambo kwa wanaoogopa kufunga kwa sababu ya kazi. Kwetu Wakatoliki, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu unaruhusiwa mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo kamili. Mimi mlo wangu nauweka kabla ya kuingia zamu. Pia Jumapili hazimo katika zile siku 40 za Kwaresima. Ukizihesabu, hadi Jumamosi Kuu ni 46. Kilichonifunukia mimi ni ukimya. Usiku bila cha kutafuna ni mrefu, na nimeanza kuupenda.

Mlutheri: Sisi hatuna sheria ya nani afunge lini, ingawa Katekisimo Ndogo ya Luther, kitabu chetu kifupi cha mafundisho ya imani, inautaja mfungo kuwa zoezi jema la nje. Nilifunga mlo wa mchana, na saa ile nikaenda kukaa na jirani mgonjwa. Nilikuwa nimezoea kumtumia pesa, na pesa nilitoa bila shida. Kukaa naye ndiko kulikonishinda. Siku za kwanza nilitazama saa muda wote. Baadaye akaniomba nimsomee Isaya 58, na tulipofika pale pa kumgawia mwenye njaa chakula chako, akasema yeye njaa yake ni ya watu. Tangu hapo nikaacha kutazama saa.

Mleta mada: Mungu awabariki. Mama Pacha, wifi alijua kwa nini umempigia?

Mama Pacha: Hakujua, na sikumwambia. Angeniuliza nilikuwa namsemaje, na ugomvi ungeanza upya. Nilimuuliza hali ya mguu wake, maana alikuwa ameumia, tukaongea mpaka salio likaisha.