Tupeane uzoefu: kifaru chako cha rimoti kilikwama wapi, na ulikitoaje?

Dereva wa Section 58 (Nakuru)

Wadau wa vifaru, salamu. Kila wiki mtu ananipigia kuuliza anunue kipi. Hakuna anayeuliza kitaharibikia wapi, na hilo ndilo swali lenyewe. Tusimuliane yaliyotukuta. Picha baadaye.

Naanza mimi. Changu ni Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, kilichoundwa na kampuni ya Heng Long kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita. Tiger halisi, ukihesabu na mtutu, ilikuwa na urefu wa mita 8.45, kwa hiyo hiki kinafika kama sentimita 53 na hakiingii kwenye begi lolote la heshima. Siku nilipokileta nyumbani nilimwambia mwenye boda pale Free Area, "Polepole bwana, nimebeba kifaru." Akageuka akaniuliza kama KWS, wale wa wanyamapori, wana habari.

Safari ya kwanza nilikipeleka upande wa Menengai. Vumbi letu mnalijua. Ni majivu ya volkano, jepesi kama unga, ukilikanyaga leo utalikuta kwenye soksi kesho kutwa. Sasa, sanduku la gia la kiwandani halijafunikwa vizuri, na ndani wamepaka grisi bila huruma. Vumbi la mawe likikutana na grisi unapata msasa. Wiki ya sita kifaru kikaanza kulia kama posho mill. Kukifungua, meno ya gia yameliwa, yamebaki kama ya mzee.

Niliosha kwa mswaki na maji ya sabuni (petroli msijaribu, inadhoofisha plastiki), nikaweka gia mpya, grisi kidogo sana, kisha nikaziba nafasi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hapo ningetulia. Lakini nilikuwa nimeshaona minyororo ya chuma kwenye simu.

Nikanunua. Sproketi za plastiki, yale magurudumu yenye meno yanayovuta mnyororo, zikaisha ndani ya mwezi kwa kusagwa na chuma. Nikaweka sproketi za chuma, mzigo ukahamia kwenye gia. Nikaagiza sanduku la gia la chuma, betri iliyokuwa ikinipa nusu saa sasa inanipa dakika 15. Mke wangu aliuliza kama kuna kitu cha zamani kilichobaki mbali na jina.

Nyavu za Dunga (Kisumu)

Ndugu yangu, nyinyi mnalilia vumbi? Njoo huku Nyando mvua ikishanyesha.

Nilikuwa na Sherman, kifaru cha Wamarekani, na bado ninayo kwa kiasi fulani. Nilikwenda nayo kwa shemeji upande wa Ahero, karibu na mashamba ya mpunga. Udongo ule mweusi ukilowa hauna adabu. Unashika kwenye minyororo, unapanda kwenye magurudumu, unajaa hadi mnyororo unaruka. Kifaru akatembea hatua kama tano akakwama. Mimi badala ya kuachilia rimoti nikazidi kusukuma. Mota ikatoa ile harufu, na kabla haijazima nikasikia "ta!" Sproketi ya kulia imevunjika na kutoka. Watoto walikuwa wamejaa ukingoni wakishangilia, sijui upande wa nani. Nikaingia mwenyewe kukivuta kwa kamba, kiatu kimoja kikabaki huko.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, nikaona Wamarekani wenyewe waliteseka hivyohivyo. Minyororo ya Sherman za mwanzo ilikuwa na upana wa sentimita 42 hivi, wakati T-34 ya Warusi ilikuwa na 50 na zaidi. Wakaamua kufunga vipande vya chuma pembeni ili kupanua mguu, wakaviita midomo ya bata. Za kwangu nimezikata kutoka kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20. Zilishikilia safari tatu, kisha zikaanza kudondoka moja moja. Wazo ni zuri, gundi ndiyo ilikuwa mbovu.

Jambo moja tulilowashinda watu wa Nakuru ni nyavu za kujifichia. Msiagize kokote. Kipande cha wavu wa omena uliochakaa, kichemshe na majani ya chai, kianike, kifunge vitambaa vidogo vya kijani. Macho yake ni madogo, yanaendana na kipimo. Kasoro ni harufu. Kioshe mara mbili, la sivyo paka wa nyumbani atashambulia kabla ya adui.

Mwalimu wa Shinyalu (Kakamega)

Kabla ya yote: mnyama wa pale Ziwa Nakuru *amekwama*. Hiki cha betri *kimekwama*. Bwana Nyavu, nimekuona.

Sasa langu. Nilipata vifaru viwili vya mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, vya zamani, vyote vya masafa ya 27 MHz. Nilipofurahi nikamwita kijana wangu tushindane. Mimi napinda kulia, chake nacho kinapinda kulia. Yeye anarudi nyuma, changu kinarudi nyuma. Tukabaki tukitazamana. Siku hizi rimoti za 2.4 GHz kila moja inajuana na kifaru chake, lakini zile za zamani ni kama redio: wote wa stesheni moja wanasikia wimbo mmoja. Ilibidi tucheze kwa zamu hadi nilipobadilisha saketi ya kimoja.

Na huku kwetu mvua ya alasiri haikosi. Maji yaliingia kwenye saketi ile mpya, kifaru kikaanza kuzungusha kichwa chenyewe usiku, kabatini. Dawa niliyotumia ni rangi ya kucha isiyo na rangi, ya binti yangu. Kausha saketi kabisa, paka juu yake, lakini ziba kwanza sehemu za kuchomekea waya. Nililipa chupa mbili.

Risasi za plastiki za milimita 6 nilizitoa zamani, nina kuku. Tunapigana kwa infraredi.

Mama Wawili (Milimani, Nakuru)

Mimi kukimbiza si sana. Napenda rangi na sura.

Niliwahi kukipaka Tiger rangi ya mchanga, kama vile vilivyopigana Tunisia mwishoni mwa 1942 hadi Mei 1943. Kikapendeza. Kisha nikaona picha za vifaru vyenye mikunjomikunjo kama plasta, ile zimmerit ya kuzuia mabomu ya sumaku yasishike. Nikachukua puti ya ukuta iliyobaki fundi alipomaliza sebule, nikapaka nyembamba, nikachora mistari kwa kitana kilichovunjika. Kazi ya siku mbili, na kwa kweli ilitoka safi.

Ndipo mtu mmoja akaniandikia kwa upole kwamba Wajerumani walianza kuipaka mwishoni mwa 1943 na kuiacha Septemba 1944. Tunisia ilikuwa imeshakwisha. Nilikikwangua chote usiku, nikiwa na hasira ambazo sikuwa na wa kumwelekezea.

Lingine la aibu ni kifaa cha moshi. Kinatumia mafuta yake maalum, matone machache. Nilipoishiwa nikatia mafuta ya taa. Tafadhali, msifanye. Kilitoa moshi mzuri mweusi, nikaita watoto waje waone, kumbe ni sehemu ya nyuma inayeyuka.

Jua Kali Kondele

Mimi nilichoka kuona Wajerumani tu. Jeshi letu lina kifaru cha Vickers Mk 3, chenye mzinga wa milimita 105, na sijakikuta dukani kwa kipimo hiki. Nikachukua Challenger 2, kifaru cha Waingereza, kilichokufa saketi, kwa sababu nacho kina magurudumu sita kila upande, nikakata mwili kupunguza urefu. Vipimo si kamili, nakiri mapema kabla Mama Wawili hajaniandikia kwa upole.

Kichwa nimekitengeneza kwa bomba la PVC la maji taka: pasua kwa urefu, pasha moto wa jiko polepole nje ya nyumba, kanyaga kati ya mbao mbili, unapata bati la plastiki. Mtutu ni chuma cha mwavuli. Waya wa kuvutia ni wa breki ya baiskeli. Kilichonigharimu ni betri tu. Niliweka betri ya lipo (lithiamu) ya 7.4 V na sikuweka kengele ya kuonya. Seli zikishuka chini ya volti 3 zinaharibika. Yangu ilivimba kama mandazi nikiwa naendelea kuichaji kitandani. Sasa nachaji kwenye sufuria kuukuu, uani, na sitoki hapo.

Mama Wawili

Bwana Kondele, lete picha, sitasema neno. Wadau, kijana wangu anatafuta sproketi za Sherman, jozi moja. Nani anazo?

Nyavu za Dunga

Ya kushoto ninayo, mama, chukua bure. Ya kulia iko Nyando, karibu na kiatu changu.