Mjadala: Wakanda imepigiwa tama ya Senegal. Siwa yetu je?

Mfungua mjadala, Kuze
Jana barazani kahawa ilitupoa mikononi kwa ubishi huu. Filamu ya Black Panther ya 2018, ile ya nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, ilitoka na albamu mbili. Moja ya rapa Kendrick Lamar na wenzake, nyimbo 14, na humo ndani ya filamu zinasikika chache mno. Nyingine ya Ludwig Göransson, Mswidi, ndiyo muziki wa matukio yenyewe, ikampa Oscar 2019. Kwangu mimi saundtraki ni hiyo ya pili, na hapo sina ugomvi.

Kinachoniwasha ni hiki. Göransson alifunga safari hadi Senegal, akafuatana na mwimbaji Baaba Maal ziarani, akamrekodi Massamba Diop na tama, ile ngoma ya kwapani inayobanwa ikasema kama mtu. T'Challa, mfalme wa Wakanda, akitokea, tama yamtaja. Killmonger, hasimu wake, naye kapewa filimbi ya Kifulani. Lugha wakachukua Kixhosa. Na sisi? Lamu kuna siwa mbili, yale mabaragumu makubwa, ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ya shaba, zilizopulizwa kwenye sherehe za watawala. Mfalme wa Wakanda kasimikwa pale kwenye maporomoko, sikusikia hata nzumari. Tumepuuzwa ama vipi?

Mja wa Likoni
Wewe nawe! Nchi yenyewe ya kubuni, yachimba madini yasiyokuwako, halafu waidai nzumari? Yule alikuwa akitunga muziki, si kuhesabu ngoma za Afrika nzima.

Wa Majengo
Mja, usimkatize mwenzio. Wakanda ya vitabuni huwekwa upande wetu huu wa mashariki, kwa hivyo swali lina miguu. Tena huyo Mswidi alipita Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, mwaka 1954. Tracey alirekodi Kenya pia; wimbo wa Chemirocha wa Wakipsigis ni wa 1950. Basi sauti za Kenya zilikuwa kwenye kabati alilolifungua. Asiambiwe mtu kwamba hatukuwa na njia ya kusikika.

Mpiga chapuo, Kisauni
Kabatini, haya. Lakini tama haikutoka kabatini, ilitoka mkononi mwa mtu aliye hai, yuko safarini, ana kazi. Nionyesheni kundi la pwani linalozunguka miji na ngoma zake, chapuo na msondo, mgeni akalifuata. Sisi twapiga harusini na kwenye mikutano ya wanasiasa, twarudi na nauli.

Na tusimlaumu Mswidi peke yake. Juzi niliitwa studio moja hapa hapa mjini. Mtayarishaji kanisikiliza dakika tano, akageukia kinanda, akabonyeza, ikatoka ngoma. Akaniambia, "Hii yatosha, mzee." Mswahili mwenzangu huyo! Göransson angalau alipanda ndege.

Mja wa Likoni
Hapo sasa mwasema.

Mfungua mjadala, Kuze
Ndugu yangu wa Kisauni, nusu umenifunga mdomo. Siwa bado siiachi, mfalme ni mfalme. Ila niambie, hiyo ngoma ya kwenye kinanda ilikuwa ngoma gani?

Mpiga chapuo, Kisauni
Nilichungulia kioo chake. Imeandikwa "Afrika 3".