Klarineti: navukaje noti ya La kwenda Si?

Kijana wa Baga: Wadau, nipo Bagamoyo napiga klarineti bendi ya kanisa, nimepata kitabu cha mazoezi cha Klosé, yule mwalimu wa klarineti, kile kilichotoka Paris 1843, kinene balaa, ila nikitoka La kwenda Si ya juu yake inapiga yowe tu, nifanyeje?

Raskazone: Pole mkuu, wengi wanakwama hapo. La matundu karibu yote wazi, Si unaziba yote kwa mpigo. Ukiwa bado kwenye La, mkono wa kulia uwe umeshaziba matundu yake, sauti haiharibiki.

Bi Mdogo: Na usikimbilie kurasa jamani! Noti ndefu kwanza, halafu baa mbili tu (vipande viwili vifupi vya muziki), metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika, ikitoka safi ndo unapandisha. Ridi, kile kijiti cha mdomoni, ifute, pwani huku inaota ukungu fasta.

Kijana wa Baga: Aisee ya mkono wa kulia imekubali! Jirani ndo kaanza kugonga ukuta.