Redio za Mombasa zampigia nani? Tujadili bila kutukanana

Mkaa Kuze
Salaam aleikum wote. Naweka swali hapa na nataka majibu si vijembe. Stesheni ofisi yake Mombasa, prezenta wa Mombasa, matangazo ya maduka ya Mombasa, halafu ukifungua habari asubuhi ya kwanza ni mwanasiasa fulani Nairobi kamsema mwenzake, ya pili ni yule mwenzake kamjibu, bandari yaja mwisho mwisho kabla ya mpira. Muziki ndio usiseme. Bongo, gengetone, Bongo, Naija, Bongo tena, na taarab imetupwa usiku wa wikendi watu washalala. Ngoma zetu za chakacha na mwanzele huzisikii mpaka kuwe na mgeni rasmi. Mimi nasema sheria iwalazimishe, nusu ya muziki iwe wa Pwani, la sivyo laisensi warudishe. Kwao wao msikilizaji wa Mombasa ni wa aina mbili tu, kijana wa kupewa umbea asubuhi na wale akina mama wa mchana wasio na kazi wa kusomewa salamu. Sisi wengine tusikize nini?

Mama Mahamri
Ulianza vizuri ukaharibu mwisho. Hao akina mama wa mchana wasio na kazi ni kina nani? Mimi saa kumi alfajiri nishakanda unga, kumi na mbili mahamri yako mezani kwa watu wenye kazi zao kama wewe, mchana nachambua mbaazi nakuna nazi ya kesho na redio iko pembeni yangu. Hiyo ndiyo saa ya salamu. Mikono iko kazini, masikio hayana kazi, basi nasikiza. Wewe huko ofisini kwako waruhusiwa kufungua redio? Haya niambie kati yetu nani hana kazi.

Tuktuk wa Likoni
😂😂 Kuze leo umekanyaga pabaya. Kwangu mimi hakuna redio ni flashi tu, abiria akitaka habari akapande matatu.

Bin Fadhili
Jamani mahamri yangojee. Sheria mbona ipo, nakumbuka ilikuwa asilimia 60 ya vipindi viwe vya hapa nyumbani, au 40, tangu 2009 au hapo karibu. Hawaifuati tu na hakuna wa kuwauliza.

Wakili Mtoro
Kanuni za 2009 zilitaka 40 kwanza kisha ipande mpaka 60, sheria ya 2013 ikaja na 45. Lakini kabla hamjashangilia, nyumbani hapo ni Kenya, Pwani peke yake haimo. Gengetone ya Nairobi yahesabika, chakacha ya Bondeni yahesabika, mbele ya Mamlaka ya Mawasiliano zote sawa. Isiyohesabika ni Bongo. Kwa hivyo stesheni ikibanwa kesho itoe nyimbo za nje itapunguza Bongo iongeze gengetone, na Bongo angalau waielewa mstari kwa mstari. Hapo Kuze utakuwa umeshinda ama umeshindwa?

Kijana wa Mtwapa
Alafu tuseme ukweli, Bongo twaipenda wenyewe, hakuna aliyetushikia bunduki. Harusi za huku zapigwa nini? Nilikuwa ya juzi hapo Shanzu, DJ kaweka taarab ya kale dakika mbili watu wakaenda kuchukua biriani.

Mzee wa Kibokoni
Taarab ya kale usiitie mdomoni kijana. Mwimbaji wake Bhalo katutoka 2014, mwenzake Zein katutoka 2016, na nyinyi mwaenda kuchukua biriani. Sisi tulikuwa na Sauti ya Mvita hapa hapa Mombasa kabla ya uhuru, redio ya mji wenyewe, mashairi, ngano, taarab, mtu akitunga leo kesho asikika. Ikaja serikali 1964 ikafanya VoK, Sauti ya Kenya, kila kitu kikakusanywa Nairobi. Hapo ndipo tulipopotea, si kwa hizi FM za juzi.

Wakili Mtoro
Mzee shikamoo. Lakini hiyo VoK, na hata iliporudi kuitwa KBC 1989, habari ya kwanza ilikuwa nini kila siku ya Mungu? Mtukufu Rais. Akipanda mti ya kwanza, akienda kanisani ya kwanza, akirudi kutoka kanisani ya kwanza pia. Kwa hivyo hii ya Nairobi kutangulia anayoilalamikia Kuze wengine tumekua nayo.

Mzee wa Kibokoni
Marahaba. Hilo sikatai. Lakini salamu zilisomwa kwa adabu.

Mkaa Kuze
@Mama Mahamri mimi sikukutaja wewe. Nilisema wasio na kazi. Kama una kazi hayakukuhusu, mbona umejishika?

Mama Mahamri
Mimi nimejishika! Bwana Kuze, wewe umesema akina mama wa mchana. Mimi ni mama, na mchana nasikiza. Sasa ulitaka nijifiche wapi?

Bi Asha Bombolulu
Na mimi ni wa mchana, nina cherehani mbili na fundi mmoja. Tena nikuongeze, kipindi cha mchana ndicho pekee napata kusikia bei ya tomato Kongowea imefika wapi na maji yakatika mitaa gani. Hao wenu wa asubuhi kazi ni kupigia simu mume wa mtu kumuuliza ana michepuko mingapi, watoto wako kwa gari wanaenda skuli. Na kuna kanuni, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku mambo ya watu wazima hayafai hewani. Iko wapi?

Zamani Studio
Nimekaa studio miaka, stesheni siitaji, mji huu twajuana. Wengi hapa mwadhani prezenta ndiye achaguaye nyimbo. Hachagui. Kuna mtu ana programu ya kompyuta, nyimbo zimepangwa kwa mafungu, zile kali zarudi kila baada ya masaa machache, za kati zaingia mara moja moja, za zamani zapewa usiku. Prezenta akiingia akuta saa yake ishajazwa, wimbo, jingo, matangazo, wimbo, habari, matangazo. Akibadilisha sana aitwa ofisini.

Na huyo mpangaji haangalii Pwani wala bara, aangalia saa hii nani yuko wazi kusikia na nani yuko tayari kulipia. Asubuhi ni walio njiani na wanaofungua maduka, jioni ni wanaorudi, hizo ndizo saa ghali. Matangazo makubwa hununuliwa na maajenti walio Nairobi, mtu ana karatasi ya utafiti wa wasikilizaji mbele yake, Mombasa ni mstari mmoja hapo. Stesheni yako ikisikika tofauti sana na anazozijua hajui aiuze kwa nani, aruka. Ndiyo maana zote zafanana.

Habari nayo hivyo hivyo. Reporta wengi wa mashinani hulipwa kwa stori iliyotoka. Mwanasiasa akiropoka kwa mazishi una sauti papo hapo na yatoka siku hiyo. Stori ya madereva wa malori bandarini yataka ushinde Kilindini, upigie watu watatu wasiotaka kutajwa, na nauli yako. Wewe ungefanya ipi? Pamoja na hayo 2019 serikali ilipotaka mizigo yote ipande reli ya SGR na watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, stori ikawa kubwa mpaka Nairobi. Lakini kwa wenye biashara ilikuwa stori ya gharama ya kontena, huku kwetu ilikuwa ya makuli na hoteli za Mariakani kukosa wateja. Tukio moja, kila mmoja kakatiwa kipande chake.

Msanii Mnyonge Kilifi
Uliyosahau kusema Zamani ni ile soda. Nilipeleka wimbo stesheni moja sitaitaja, nikaambiwa ni mzuri sana tutakupigia. Jioni mtu akaniandikia WhatsApp kwamba elfu tano yaweza kuusaidia utoke. Sikuwa nayo. Wimbo mpaka leo uko kwa simu yangu na ya mamangu.

Tuktuk wa Likoni
Nitumie niuweke kwa flashi bure, lakini ukiwa mbaya naufuta.

Njeru Changamwe
Mimi naishi Mombasa miaka mingi na nasema hivi, watu wa Pwani mnapenda kulia. Mnataka habari yenu, muziki wenu, laisensi yenu, hata muguka yetu, majani ya kutafuna tu, mkajaribu kufunga. Redio ni biashara. Anzisheni zenu.

Bin Fadhili
Heee muguka imefikaje hapa? Ila umenikumbusha kitu. Mei 2024 gavana wetu wa Mombasa, Nassir, alipopiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, kisha mahakama ya Embu ikasimamisha. Sasa angalieni. Bahari FM ya huku na Wimwaro ya Waembu ni za nyumba moja, Royal Media, pamoja na Inooro, Ramogi, Musyi na kadhalika. Wiki ile ile, bosi mmoja, huku wa kuhurumiwa ni mama wa Kisauni ambaye mwanawe haamki, kule wa kuhurumiwa ni mkulima wa Mbeere ambaye karo yatoka shambani. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja kapigiwa anachotaka kusikia.

Njeru Changamwe
Wewe unajua Kiembu? Ulisikiza Wimwaro lini?

Bin Fadhili
Si lazima nisikize. Mwenye redio hawezi kumtukana mkulima kwa lugha ya mkulima.

Njeru Changamwe
Kwa hivyo hukusikiza. Unaongea tu. Na mwanao kutoamka si makosa ya jani, ni malezi.

Bi Asha Bombolulu
Njeru malezi yangu hapana! Nina kijana wa ndugu yangu amemaliza fomu foo amekaa barazani na karai la muguka tangu asubuhi, macho mekundu, waja kuniambia malezi. Kale wewe tuone utaamka saa ngapi.

Njeru Changamwe
Nakula na naamka saa kumi na moja, naenda kazi. Ati vijana wa Old Town wana macho mekundu tangu muguka ifike? Kabla hapo hakukuwa na kitu? Msinifanye niongee.

Kijana wa Mtwapa
Ongea basi, si uongee.

Wakili Mtoro
Jamani kuna kesi hapo, chungeni maneno.

Zamani Studio
Kabla hamjafukuzana. Bwana Kuze, lile neno lako la akina mama wa mchana ndilo lililokuvunjia hoja, kwa sababu ukiuliza nani alipia stesheni baada ya saa ghali, ni hao. Sabuni, unga, mafuta ya kupikia, nepi, bima ya mazishi. Mwenye kuamua ni sabuni gani iingie nyumbani ndiye anayetafutwa mchana, na salamu ndiyo njia ya kumkalisha asihame. Kuna miezi zile salamu ndizo zilizolipa mshahara wa msoma habari. Na hao ndio wanaoomba taarab. Wakiomba kwa wingi yapigwa hata mchana, nimeona kwa macho yangu. Ungekuja nao upande wako ungekuwa na jeshi.

Mama Mahamri
Mwambie tena, huenda hakusikia alikuwa kazini.

Mkaa Kuze
Sawa, kwa hivyo tatizo si redio, tatizo ni makampuni ya sabuni na maajenti wao wa Nairobi. Basi Wapwani tususie sabuni zao mpaka walipie vipindi vyetu. Hilo ndilo nilikuwa nalisema tangu mwanzo.

Wakili Mtoro
Hukulisema popote. Panda juu usome.

Mama Mahamri
Mwacheni asusie. Bwana Kuze, kanzu yako ya Ijumaa mkeo huifua na nini?

Mkaa Kuze
Sijaoa.

Bi Asha Bombolulu
Tulijua.